Pembe Iliyokuwa Baridi

Enyi mlioketi mbele yangu, wakubwa kwa heshima zenu na wadogo kwa staha zenu, nawaamkia nyote na kuwaomba masikio. Mimi nimefunzwa beti na vina, na habari hii ningependa kuwaletea kwa utenzi. Nimejaribu. Kila nifikapo pale pembe inapogusa tumbo, mizani hunivunjikia mkononi. Basi ipokeeni kwa nathari. Na kama yumo miongoni mwenu mwenye ujauzito, asione haya kutoka nje.

Palikuwa na mwanamke fundi cherehani, mwepesi wa mikono, mchache wa maneno. Mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya wakati. Ya tatu ilipokua, presha nayo ilipanda, miguu ikavimba hata viatu vikamkataa, na daktari akamlaza katika wodi ya wajawazito walio hatarini.

"Kila siku anayokaa mtoto ndani ni faida yetu," daktari alimwambia. "Sisi tutakupa dawa na kukupima. Kazi yako wewe ni kulala ubavu wa kushoto."

"Kulala nako kumekuwa kazi?"

"Ngumu kuliko cherehani, shoga yangu," alidakia jirani yake wa kitanda cha pili, mjamzito wa mapacha. "Hapa nilipo tumelala watatu kitanda kimoja, na wawili wananipiga mateke!"

Wodi nzima ilicheka. Hata fundi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

Wakunga wa wodi ile walikuwa na desturi yao. Mashine ya kupimia mapigo ya mtoto ilikuwa moja tu, nayo haikutoka chumba cha kujifungulia. Kwa hiyo wao walisikiliza kwa pembe ya mti, iliyochongwa mfano wa tarumbeta ndogo. Mkunga aliipasha kwanza kwa viganja, isimshtue mama. Kisha aliiegemeza tumboni, akatega sikio, na kwa kidole akayagonga mapigo ya mtoto juu ya mkono wa mama yake, ili naye ayajue.

Tu-tu-tu-tu-tu.

Upesi, kama sindano ya cherehani inayokimbia juu ya pindo. Kwa fundi, sauti hiyo ndiyo iliyokuwa chakula na usingizi.

Aliyemuuguza ni mama yake mzazi. Alimkanda miguu, alimchana nywele, alimwonjea uji kabla hajamnywesha. Na ni yeye peke yake aliyeambiwa jina la mtoto. Mume, dereva wa malori ya masafa, hakuambiwa.

"Wale wawili waliondoka bila majina," fundi alimnong'oneza mama yake. "Huyu nimempa mapema, apate cha kushikilia. Usimwambie mtu, mama."

"Nani nitamwambia, mwanangu? Limeingia kaburini hilo."

Neno hilo fundi hakulipenda. Lakini aliyelitamka ni mama yake, akalimeza.

Siku moja jua likizama, maji ya moto yaliisha.

"Lete chupa," alisema mama. "Nisipowahi, jikoni watafunga."

Alitoka. Wakunga walikuwa chumbani kwao wakikabidhiana zamu. Taa za wodi zilikuwa hazijawashwa, na dirisha lilikuwa limebaki na wekundu mdogo, kama kaa linalokufa. Jirani wa mapacha alikuwa akikoroma.

Mkoromo ukakoma...

Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ikaondoka. Mahali pake ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, ungali na umande.

Mkunga alikuwa amesimama kando ya kitanda. Sare nyeupe. Kofia. Pembe mkononi. Fundi hakumsikia akiingia, wala hakuweza kuuona uso wake vizuri, kwa kuwa dirisha lilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo," alisema fundi.

Hakuitikiwa.

Mkunga aliifunua shuka, akaiweka pembe tumboni. Hakuipasha.

Ilikuwa baridi. Baridi iliyopenya ngozi, ikapenya nyama, ikashuka hadi alikolala mtoto. Fundi alinyoosha mkono wake, kama ilivyokuwa desturi, agongewe mapigo.

Kidole hakikuja.

Alisubiri... Mkono ulibaki hewani.

Ndipo alipoinua kichwa kutazama. Mkunga alikuwa ameinama juu ya pembe, lakini sikio lake halikuwa hapo.

Ulikuwa mdomo.

Hakuwa akisikiliza. Alikuwa akisema.

Alisema taratibu, kwa sauti tamu ya mtu anayembembeleza mtoto mkaidi: "Njoo, baba. Mlango uko huku. Huko kuna joto la kuazima tu." Kisha akamwita kwa jina lake.

Jina lile lile.

Na mtoto, ambaye kutwa nzima alikuwa ametulia, akageuka. Akaifuata sauti.

Fundi akapiga ukelele.

Mlango ulifunguka, taa zikawaka, na mama yake akaingia na chupa ya maji. Kando ya kitanda hapakuwa na mtu. Juu ya tumbo palikuwa na duara jeupe la baridi, na ukingo wake ulikuwa haujafutika.

"Mama," alinong'ona fundi, "lile jina nilikwambia wewe tu."

Mama aliitua chupa polepole. Hakuuliza jina gani. Hakuuliza limefanya nini.

"Ulimtajia nani?" aliuliza fundi.

"Daktari aliniita ukumbini. Akasema presha ikipanda tena, huenda nikawakosa wote wawili. Nikakaa kwenye benchi nikilia. Akaja mkunga, akaketi karibu yangu. Akaniambia, nitajie jina la mdogo, mkubwa atapona."

"Ukadhani ni mkunga kweli?"

Mama aliziangalia kandambili zake.

"Nilitamani kudhani hivyo."

"Mama!"

"Wewe ndiye mwanangu! Huyo sijamwona. Wajukuu watapatikana, wewe nitakupata wapi?"

Fundi aliitazama mikono ya mama yake. Asubuhi ya siku ile ile, mikono ile ile ilikuwa imemchana nywele.

"Ondoka mbele yangu," alisema.

Mkunga wa zamu, yule wa kweli, alikuja mbio. Aliipasha pembe, akatega sikio, akaanza kugonga.

Tu...

Tu...

Alikiacha kidole hewani, akageukia mlango. "Machela! Mwiteni daktari! Upasuaji, sasa hivi!"

Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, naye akabaki macho. Wakati kisu kinafanya kazi nyuma ya pazia la kijani, wote waliokuwa chumbani walimsikia akilisemesha tumbo lake kwa sauti ya juu: "Jina hilo si lako! Usiitikie! Lako ni hili..." Akatamka jina jingine, la kwanza lililomjia, akalirudia na kulirudia, hadi pale mtoto alipolia.

Yule wa mapacha aliapa kwamba hakuona kitu. Wakunga walisema presha ikizidi sana, macho huona mengi, na huenda ni kweli. Lakini lile duara lilichukua siku nyingi kufifia. Naye fundi hakumruhusu mama yake kumgusa nywele tena, hadi bibi huyo alipofariki, akiwa hajalisimulia jambo hili kwa mtu.

Mtoto yule, enyi waungwana, ni mimi.

Mama alingoja nikue ndipo anieleze. Alianza vizuri, alipofika kwenye pembe, sauti ikamwisha. Nikamwendelezea: ilikuwa baridi, na maneno yalikuwa, njoo, baba, mlango uko huku, huko kuna joto la kuazima tu. Kisha nikalitamka jina ambalo hakuwahi kulitamka tena tangu siku ile.

Mama alipauka. "Nani amekusimulia?"

Hadi leo, wekundu unapobaki mdogo dirishani, hulisikia jina lile likiitwa nje, kwa upole, na miguu yangu hutaka kuinuka. Hushika kiti.

Basi mkiulizwa habari hii imetoka wapi, msimtaje mama yangu. Yeye alinikuta ninaijua. Aliyenisimulia kwanza ni yule mkunga wa saa ya magharibi, kwa pembe yake baridi.