Maski Isiyopenda Masharubu

Asubuhi ya kufungua mitumba mipya, soko la Jamhuri pale Thika halina adabu. Watu wanakanyagana, mikono inaingia rundoni kabla mwenye mali hajakata kamba, na ukizubaa unarudi nyumbani na kiatu kimoja. Wangeci, muuzaji wa vifaa vya michezo, alikuwa amesimama juu ya kiti chake cha plastiki, kitambaa cha zambarau kichwani na aproni ya jinzi kiunoni, akiita wateja kwa sauti ya kukwaruza. Ndipo alipomwona jamaa mmoja mrefu akihangaika na maski za kupigia mbizi. Jamaa alikuwa na nywele za kusokota zilizomwangukia kwenye paji la uso, na masharubu mazito yaliyochanwa vizuri. Alikuwa amejifunga maski na kuuvuta mkanda mpaka mashavu yakamtuna.

Wangeci hakuweza kunyamaza.

"Boss, hiyo ni maski, si mzigo wa kuni. Mbona wajinyonga?"

"Naangalia kama inanitosha."

"Mkanda haukuambii kitu. Utoe. Iweke tu usoni, uvute pumzi kidogo na pua, halafu uachilie mikono. Ikikaa, ni yako. Ikianguka, ni ya mwingine."

Maneno hayo alifundishwa na mpiga mbizi mmoja wa Kilifi aliyekuwa akinunua bidhaa kwake kwa jumla. Jamaa akatii. Akavuta pumzi, akaachilia mikono, na maski ikaanguka. Wangeci akaidaka hewani.

"Ya mwingine," akasema.

"Naitwa Khisa. Mimi napiga picha ndani ya maji."

"Maji gani? Thika hii?"

"Kidimbwi cha hoteli, kule Ruiru. Watoto wanaojifunza kuogelea, wamama wajawazito, maharusi."

"Maharusi wanaingia majini na gauni?"

"Na viatu."

Wangeci alicheka mpaka akashuka kitini. Khisa naye akamweleza anachotaka, taratibu, kama mtu anayeagiza dawa. Maski yenye mpira mweusi, kwa sababu mpira mweupe unaingiza mwanga kutoka kando na kioo cha kamera hakionekani. Isiwe yenye tumbo, ikae karibu na macho, ndipo jicho lifike kwenye kamera. Na kioo kiwe kigumu, si plastiki.

"Hiyo sina leo. Acha namba, nikiipata nitakupigia."

"Na usipoipata?"

"Usinisumbue."

"Basi nitakuwa nakupigia mimi, nikuulize kama bado hujaipata."

Na alipiga kweli, bwana! Kila jioni saa moja, Wangeci akikaanga mboga nyumbani kwake Landless, simu inalia.

"Mrembo, umeipata?"

"Sijaipata."

"Sawa. Sasa tuongee mambo ya maana."

Wakaongea miezi minne. Wakatembea kandokando ya maporomoko ya Chania wakila mahindi ya kuchoma. Khisa alifika Gatuanyaga mara mbili kwa mama yake Wangeci, akala mukimo sahani mbili, akamsaidia mzee Zacharia, baba mtu, kuziba tangi la maji. Wazee wakampenda waziwazi. Lakini Wangeci, na miaka yake thelathini na mitatu, hakuwa amesikia hata sauti ya mama yake Khisa kwenye simu. Alijua tu kwamba anaitwa Perez, yuko Kimilili, na kwamba Khisa humpigia kila Jumapili, akitoka nje kwanza. Kule kutoka nje ndiko kulikomchoma Wangeci. Alimpenda mwanamume huyo, na alitaka kujua kama yeye ni mtu wake au ni mtu wa kupitisha naye jioni.

Juni ilipoingia, maski ikapatikana. Ilikuwa chini kabisa ya rundo, mpira mweusi, kioo kigumu, haina tumbo. Wangeci aliiosha, akasugua kioo kwa dawa ya meno kisiingie ukungu, akamwita Khisa aje Landless Jumapili. Akavaa gauni lake la kijani la vifungo na kupika chapati.

Khisa akaiweka usoni, akavuta pumzi, akaachilia. Ikakaa kidogo, kisha ikateleza. Wakajaribu tena. Wangeci akasogea karibu, akapitisha kidole chini ya pua yake.

"Ni hapa, bebi. Hewa inapita kwa masharubu. Na hizi nywele nazo zinaingia chini ya mpira. Nyoa."

"Siwezi."

"Utawezaje kukosa kuweza? Kinyozi yuko hapo nje."

"Wangeci, mama amelazwa tangu Alhamisi. Kwetu watu wananyolewa wakishazika. Siwezi kuchukua wembe na yeye bado yuko kitandani. Ni kama namharakisha."

Hapo ndipo Wangeci alipokosea. Alicheka. Kicheko kidogo tu, lakini kilitoka.

"Aki Khisa, na wewe umesoma! Sema tu unapenda masharubu yako."

Khisa akaweka maski mezani polepole.

"Wewe hujui mambo ya kwetu."

"Nitayajulia wapi? Umewahi kunipeleka? Mama yako amelazwa siku nne na mimi ndio naambiwa leo, kwa sababu ya maski!"

"Basi. Nimesikia."

Akachukua koti lake. Mlangoni akageuka, akarudi, akabeba maski, akaenda. Chapati zikabaki zimefunikwa.

Wiki mbili simu haikulia. Wangeci aliandika ujumbe mara kumi na kuufuta mara kumi. Alitaka kuuliza hali ya mgonjwa, kisha anakumbuka kile kicheko chake na kuiweka simu chini. Jirani yake wa kibanda, Shiko, akamwambia wanaume wa siku hizi ni hivyo hivyo, na Wangeci akamwambia anyamaze auze soksi zake.

Halafu Ijumaa, saa tano asubuhi, Shiko, aliyekuwa akichungulia simu ya Wangeci, akampokonya na kumwonyesha. Khisa alikuwa ameweka picha kwenye status. Kichwa kimenyolewa kipara. Ndevu hakuna, masharubu hakuna. Uso mtupu, macho yanaangalia mbele, na hakuna neno hata moja chini yake.

"Haiya! Si anapendeza?" Shiko akasema.

Wangeci alikaa chini juu ya rundo la glavu.

"Mama yake amekufa."

"Nani kasema?"

"Aliniambia mwenyewe. Hawanyoi mpaka wazike. Shiko, amemzika mama yake. Amemzika na hakuniambia!"

Akalia palepale, wateja wakimwangalia. Alimlilia mama ambaye hakuwahi kumwona, na akajililia mwenyewe, maana mtu anayezika mama yake bila kukuambia amekwisha kukueleza wewe ni nani kwake. Shiko akataka ampigie simu amtukane. Wangeci akakataa.

"Amefiwa. Nitaenda nimpe pole kwa miguu yangu, halafu niachane naye nikiwa nimefanya la utu."

Jumamosi alasiri wanawake watatu walishuka kwenye gari la Ngina, Probox, mwenyekiti wa chama chao cha akina mama, mbele ya nyumba za kupanga kule Ruiru. Walivaa sketi za rangi ya giza na vitambaa vya kichwa, wamebeba sukari, majani chai, mkate, unga na maziwa. Wangeci alikuwa amevimba macho. Akabisha hodi.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja mwembamba wa miaka sitini hivi, leso kiunoni, sweta ya rangi ya maziwa, miguuni ndala za Khisa.

"Karibuni," akasema, akiangalia mizigo. "Khisa ameenda kazi. Atarudi sasa hivi."

"Ni shangazi," Shiko akanong'ona.

Wakaingia, wakakaa, wakainamisha vichwa. Yule mama akawaangalia mmoja mmoja, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Wamama, kuna nini? Mbona mnakuja hivi?"

Ngina hakuwa mtu wa kuchelewesha mambo. Akasimama, akafunga macho.

"Tuombe. Baba wa mbinguni, tumekuja mbele zako na majonzi. Tunakushukuru kwa maisha ya mama yetu mpendwa Perez, uliyempenda zaidi, ukamchukua—"

"Perez gani?" yule mama akauliza.

Ngina akaendelea macho yamefungwa. "Mama Khisa, Bwana, aliyelala—"

"Maayi! Na ni mimi!"

Shiko alipiga yowe lililowatoa majirani nje. Unga ukaanguka. Ngina akafungua jicho moja, akalifunga tena, akasema "Amina" haraka. Wangeci alisimama, mikono kinywani. Mama Perez akajipapasa mikono na mabega kama anayehakikisha, kisha akaketi polepole.

"Nani aliwaambia nimekufa?"

"Ni mimi," Wangeci akasema. "Nisamehe, mama. Niliona Khisa amenyoa."

Halafu mama akaanza kucheka, kwanza mabegani, kisha mwili mzima, mpaka akajifuta machozi na ncha ya leso.

"Nilimwambia mimi anyoe! Nimetoka hospitali, nimepona, nikamfuata huku. Namkuta ananuna. Namuuliza, ananiambia ni maneno ya maski na msichana. Nikamwambia mjinga wewe, mimi si nimepona? Toa hayo masharubu umpelekee msichana wako uso." Akamwangalia Wangeci machoni. "Na haya macho, ni mimi umelilia?"

"Ndiyo, mama."

"Na hunijui."

"Sikujui. Hiyo ndiyo iliniliza zaidi."

Mlango ukasukumwa. Khisa aliingia na begi la kamera begani, shati limelowa, na usoni alama nyekundu ya maski ikimzunguka kutoka paji la uso hadi juu ya mdomo, haikukatika mahali popote. Akawaona wanawake watatu wenye nguo za matanga, na unga sakafuni.

"Nani amekufa?"

"Mimi," mama yake akasema. "Kaa chini."

Akaketi. Alipoelezwa, hakucheka. Alimgeukia Wangeci.

"Ile picha ilikuwa yako. Nilikuwa nakuambia nimesikia."

"Si ungeandika basi, Khisa! Neno moja!"

"Niliogopa hutajibu."

"Mimi nilidhani umemzika mama yako na hukuniita." Sauti ikamkatika, lakini akaendelea. "Ungeniacha kwa sababu ya kile kicheko, ningeelewa. Nilikosea, na samahani. Lakini kufiwa usiniambie? Ningeishi na hilo vipi?"

Khisa akafungua mdomo, mama akamwahi.

"Aliniletea msichana mmoja kitambo. Nikampenda, akaenda zake, na nililia mimi kuliko huyu Khisa. Ndio maana anajificha na simu nje kama mwizi. Alisema hataleta mwingine mpaka awe na hakika." Akamgeukia kijana wake. "Una hakika, au bado?"

"Ninayo, mama. Niliipata kitambo."

"Basi sikiza vizuri, na hawa wamama wasikie. Mimi sitaishi milele. Siku yangu ikifika kweli, kabla hujawapigia ndugu zako, kabla ya wajomba, kabla ya kanisa, utampigia huyu kwanza."

Khisa akamtazama Wangeci, kisha mama yake.

"Mama, anayepigiwa kwanza ni mke."

"Kwani mimi nimesema nini?"

Shiko akaanza kupiga yowe la pili, na Ngina akamziba mdomo. Khisa akashuka kutoka kitini, akapiga magoti palepale kwenye unga, na kabla hajapata la kusema Wangeci alikuwa amekwisha kuitikia kwa kichwa, akilia tena, safari hii kwa sauti na bila aibu.

Mama Perez akainuka, akabeba sukari na maziwa aliyoletewa ya matanga yake, akaenda kuweka chai jikoni.