Tairi la Nyuma

Kila siku masomo yalipokwisha, wasichana wa shule ya masista walitoka kwa makelele, wakatawanyika njiani wawili wawili, watatu watatu. Pélagie alitembea nao mpaka njia panda ya mtaa wa Mangobo, halafu akabaki peke yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani alifungua mlango, akafagia ua ambao hakuna aliyeuchafua, akachota maji bombani, kisha akakaa kizingitini na kutega sikio. Alikuwa akingoja mlio wa pikipiki ya baba yake. Na nisiwafiche: siku nyingi mlio huo haukuja.

Huo ulikuwa wakati ambapo Kisangani yetu iliandikwa Stanleyville kwenye ramani. Mama yake Pélagie alikuwa mbali, Opala, akimuuguza bibi ambaye hakuwa tena wa kuachwa peke yake. Baba yake, Papa Octave, alikuwa muuguzi wa barabarani. Alifunga sanduku la dawa nyuma ya pikipiki, akaenda kuwatibu watu wenye ukoma katika vijiji vya barabara ya Banalia. Wagonjwa hao walijua siku yao. Siku hiyo ikifika walitoka wakakaa kando ya barabara kumsubiri, maana wengi wao hawakuweza kutembea mbali.

Baba akiwa safarini, Pélagie alilala kwa jirani, Mama Mwanahamisi, mjane aliyetoka Kasongo. Mama huyo alikuwa mtu mwema kabisa, lakini alishinda sokoni akiuza mchele, na jioni alisali, akala, usingizi ukamchukua palepale mkekani. Pélagie alikula lituma yake, yaani ndizi za kupondwa, akasema asante, akanyamaza. Upweke ulimkaa kifuani.

Baba aliporudi aliuliza kila mara, "Mutoto wangu, ulibaki muzuri?"

"Muzuri, Papa," alijibu kila mara.

Aliona aibu kusema vingine. Watu wana ukoma, naye alie kwa sababu nyumba iko kimya? Hivyo ndivyo alivyojiambia, masikini ya Mungu, na hakuna aliyemwambia kwamba amekosea.

Jumamosi moja Papa Octave aliingia uani akiwa matope tupu, na kiwiko kimechubuka.

"Papa! Umeanguka?"

"Ile kona ya kuteremka, karibu na kijiji cha Bengamisa," alisema baba huku akicheka kidogo ili asimtishe. "Mvua ilikuwa imepiga. Pikipiki ikaenda upande wake, na mimi upande wangu."

Walichuchumaa pamoja kuyaangalia matairi, kama walivyozoea. La nyuma lilikuwa limekwisha kabisa katikati, tupu kama kichwa cha mzee mwenye upara. La mbele bado lilikuwa na meno.

"Hizi zote mbili ni tairi ngumu," baba alieleza. "Zinadumu, kweli. Lakini kwenye udongo mwekundu wenye maji, ukilaza pikipiki kwenye kona, hazishiki kitu. Kuna zingine za mpira laini. Zile zinakamata kona muzuri sana. Lakini barabara ya mawe inazikula mbio mbio."

"Alors, utachagua zipi?"

"Moja moja. Laini mbele, ngumu nyuma. Ya mbele ndiyo inaingia kwenye kona ya kwanza, ndiyo inaongoza; ile ikiteleza, umekwisha anguka. Ya nyuma inasukuma mzigo wote: injini, sanduku, na mimi juu yake. Ndiyo inalika mbio, ndiyo inapaswa kudumu." Baba alisimama, akajipangusa mikono. "Tena safari hii inapaswa kudumu sana. Wameniongezea vijiji mpaka Banalia. Nitakawia kurudi, mutoto wangu. Nitakawia kupita zamani."

Pélagie aliingia ndani akajifanya anatafuta chumvi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa pindo la gauni, na alipokuwa akiyafuta wazo likamjia. Tairi laini likiwekwa nyuma litakwisha upesi. Likikwisha, baba atageuza pikipiki na kurudi Kisangani kutafuta lingine. Atarudi nyumbani.

Jumatatu Papa Octave alikuwa dispensari, akipanga dawa tangu asubuhi. Pikipiki alikuwa ameiacha kwa fundi wake Édouard, ambaye Pélagie alimwita Tonton, yaani mjomba, mwenye kibanda karibu na soko, na akampa Pélagie ujumbe wa kupeleka akitoka shule. Ilikuwa desturi yao. Baba na fundi waliaminiana kwa maneno ya mdomo tu, na mdomo uliozoea kuyabeba ulikuwa wa Pélagie.

"Karibu, mama mudogo," Tonton Édouard alimtania. "Papa anasema nini?"

Pélagie aliitazama spana ya fundi. "Papa anasema laini zote mbili."

Fundi aliweka chini spana yake. "Zote mbili? Na ya nyuma?"

"Na ya nyuma, Tonton."

"Ajabu. Kwa barabara ya mawe vile? Itamalizika hajafika hata Banalia."

"Ndivyo alisema."

Tonton Édouard alitikisa kichwa. "Bon. Mwenye pikipiki ni yeye." Akayafunga.

Jioni baba aliileta pikipiki nyumbani bila kumkuta fundi kibandani, na matairi yote mawili yalikuwa mapya, meusi, yenye meno ya aina moja. Kwa macho tu hungeyatofautisha. Aliinama mara moja, halafu akamgeukia binti yake.

"Édouard alifunga vile nilikutuma?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi iko muzuri," baba alisema, na hakulibonyeza tairi wala kuliangalia tena. Kesho yake alfajiri akaondoka.

Siku za kwanza Pélagie alingoja karibu kwa furaha. Kila injini iliyosikika mbali ilimfanya asimame. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Baba hakurudi. Wiki ilipita, na ya pili ikaanza, naye akawa hali vizuri wala hasikilizi darasani. Mama Mwanahamisi alimshika paji la uso.

"Uko na homa?"

"Hapana, Mama."

"Basi uko na nini?"

"Sina kitu."

Sasa upweke ulikuwa na mwenzake, yaani hofu, na huyo alikuwa mbaya zaidi. Usiniulize alilala vipi.

Alhamisi, Pélagie akitoka shule, alimkuta Mama Mwanahamisi uani, kumbe karudi mapema kutoka sokoni.

"Kuna habari za papa yako," mama alisema. "Faustin, yule dereva wa lori ya mchele, amemukuta barabarani, mbali kule, akiwa amekwisha pita Bengamisa. Tairi ya nyuma imekwisha, imepasuka. Anasukuma pikipiki kwa mikono, na ile sanduku juu yake. Miguu imevimba."

"Anarudi?" Pélagie aliuliza.

"Arudi namna gani? Watu wanamungojea na dawa! Anaenda mbele, anasukuma tu."

Hapo Pélagie alielewa kosa lake lote. Alikuwa amelihesabu tairi, hakumhesabu baba yake. Alisahau kwamba Papa Octave si mtu wa kugeuka na kuwaacha wagonjwa njiani, hata kama ni kutambaa.

"Lakini usilie," Mama Mwanahamisi aliendelea. "Ametuma neno kwa Édouard amupe Faustin tairi ingine ya nyuma, sawa na ile alimuagiza. Faustin iko pale kwa fundi sasa hivi, anapakia arudi kule."

Sawa na ile aliyomwagiza! Kwa Tonton Édouard, aliyoagizwa ilikuwa laini. Angetuma laini tena. Lingeliwa tena, lingepasuka tena, mbali zaidi, na baba angesukuma tena kwa miguu ile iliyovimba. Na hakuna mtu duniani aliyejua hilo isipokuwa yeye. Angeweza kunyamaza, nani angemgundua? Pélagie alitupa daftari zake chini, akakimbia.

Lori lilikuwa linanguruma mbele ya kibanda. Faustin, kijana mwenye kofia ya majani, alikuwa usukani, na Tonton Édouard alikuwa akimnyooshea tairi dirishani.

"Tonton, hapana! Hiyo hapana!"

"Nini tena?"

"Papa hakusema laini." Alikuwa akihema, na watu wa soko walianza kugeuka kutazama. "Alisema laini mbele, ngumu nyuma. Ni mimi nilikudanganya. Na yeye nilimudanganya pia."

Tonton Édouard alilishusha tairi chini. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini sasa mizaha ilimwisha usoni.

"Siku zote hizi nilikuwa najiuliza kama Octave amekuwa mujinga," alisema polepole. "Kumbe. Sasa wewe, kwa nini umefanya vile?"

"Nilitaka arudi mbio. Ninabaki peke yangu, Tonton. Ninabaki peke yangu kila siku."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema kwa mtu. Faustin alizima injini bila kuambiwa. Fundi alilirudisha tairi laini kibandani, akatoka na lile gumu, akalifunga mwenyewe kwa kamba juu ya magunia.

"Enda, Faustin. Usisimame njiani." Kisha akamgeukia Pélagie. "Mimi sitamwambia papa yako kitu. Utamwambia wewe mwenyewe, akifika tu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Papa Octave alirudi wiki iliyofuata, amekonda, na miguu imefungwa vitambaa. Pélagie hakumwacha hata avue koti. Alimwambia yote akiwa amesimama mbele yake, mikono nyuma kama darasani. Baba alikaa kwenye kiti, akatazama chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Vijiji vya mbele nilivifikia na miguu, nimechelewa lakini nilifika," alisema mwishowe. "Ila kuna mama mumoja sikumupata. Nilipofika pale kwake, alikuwa amekwisha enda ndani ya pori kwa ndugu zake. Alikosa sindano yake. Amerudi sasa. Jumapili nitamupelekea, na wewe utakuja."

Jumapili, baada ya misa, Pélagie alipanda nyuma ya baba, sanduku la dawa mapajani. Walipita Bengamisa. Kwenye ile kona ya kuteremka baba alilaza pikipiki taratibu, na tairi laini la mbele lilishika udongo wenye maji bila kuteleza hata kidogo, na la nyuma likasukuma. Mbali mbele, pembeni ya barabara, mwanamke alikuwa amekaa peke yake juu ya gogo. Vidole vya mikono yake vilikuwa vifupi. Jina lake lilikuwa Mama Célestine, na nyumba yake ilikuwa mbali na nyumba zingine za kijiji, maana watu walimwogopa.

"Muganga, umekuja!" alisema, na uso wake ukafunguka. "Na huyu?"

"Ni mutoto wangu. Ana neno kwako."

Pélagie alishuka. "Mama, mara ile Papa hakufika, ni juu yangu. Nilimufungia tairi mbaya kwa uongo. Unisamehe."

Mama Célestine hakuelewa mara moja. Papa Octave alimweleza. Mwanamke alitazama barabara tupu.

"Siku ile nilikaa hapa tangu asubuhi mpaka jua likashuka," alisema. "Kila kelele nilisimama. Nilisema labda ni yeye. Watu wa kijiji hawasemi na mimi, mutoto. Muganga akipita, ananiuliza habari, ananishika mukono. Ni yeye tu. Nilifikiri na yeye amenitupa."

Kusimama kwa kila kelele, kungoja mpaka jua lishuke, kufikiri umetupwa: hayo yote Pélagie aliyajua, aliyajua mno. Na ni yeye aliyempelekea mwenzake siku kama hiyo. Alilia, safari hii bila kujificha.

Baba alimchoma mgonjwa sindano yake, akafunga sanduku, kisha akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Sikia, Pélagie. Safari ya Banalia siwezi kuikata. Umeona nani ananingojea. Lakini likizo utapanda mashua uende Opala kwa mama yako. Na siku zingine, Mama Mwanahamisi amesema utakaa naye sokoni ukitoka shule, umusaidie kuuza, badala ya kukaa mulangoni peke yako. Hiyo yote ningeifanya zamani, kama ungenijibu ukweli. Nilikuuliza kila mara, na wewe kila mara 'muzuri, Papa'. Ukitaka kitu kwangu, ukiseme kwangu. Ukikitafuta kwa uongo, uongo utapita kwanza kwa mutu ingine, na utamuumiza huyo ambaye hata humujui."

"Ndiyo, Papa."

"Sasa nakuuliza. Uko muzuri?"

"Hapana, Papa," alisema Pélagie. "Sijakuwa muzuri."

"Bon," baba alisema. "Basi hatuendi bado."

Mama Célestine alisogea kwenye gogo lake akawaachia nafasi. Pélagie alikaa katikati, baba upande mmoja, mgonjwa upande mwingine, akaanza kueleza tangu mwanzo, na hakuna aliyemharakisha.