Wanalipimia Nini Gari Langu?

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Mvua ndogo ilinyesha alfajiri ikaacha barabara zimelowa. Kisha jua likatoka, na upepo ukawa mwepesi. Ilikuwa asubuhi nzuri ya kufunua paa la gari.

Fundi Saa alikuwa uani, akifuta gari lake kwa kitambaa laini. Lilikuwa gari dogo jekundu. Mbele lilikuwa na viti viwili. Nyuma lilikuwa na viti vingine viwili, vidogo sana. Paa lake lilikuwa la turubai. Ukibonyeza kitufe, paa lilijikunja likalala nyuma. Binti yake wa miaka minne aliliita gari la kofia. Alisema likisikia joto linavua kofia yake. Binti huyo alikuwa na uso wa mviringo, na watu wote walimwita Kifungo.

Siku nyingine Fundi Saa angekuwa anapiga mluzi. Leo hakupiga. Alikuwa na jambo moyoni.

Jana jioni alirudi kutoka kibandani kwake, anakotengeneza saa. Kabla ya kufungua geti, alichungulia. Kuchungulia kulikuwa tabia ya kazi yake. Kutwa nzima alitazama ndani ya saa za watu kwa jicho moja. Jana alichungulia, akaganda pale pale.

Mkewe, Mama Kifungo, alikuwa mshonaji. Alikuwa ameinama ndani ya gari na tepu yake ya kupimia nguo. Kwenye kiti cha nyuma alikaa jirani yao, magoti yamepanda hadi kidevuni.

"Hapa je?" aliuliza Mama Kifungo.

"Hapatoshi," alijibu jirani. "Pima tena huko mbele."

"Usimwambie kwanza. Unajua akisikia habari ya gari lake anavyowaka."

Jirani huyo alikuwa mwanamke, dereva wa gari la wagonjwa. Mtaa mzima ulimwita King'ora, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya sauti yake. Mwaka jana alikuwa amelizunguka gari jekundu mara kadhaa. Kisha akasema, "Shemeji, siku ukilichoka hili gari, usimwambie mtu mwingine kabla yangu."

Fundi Saa hakusahau maneno hayo. Tangu hapo, King'ora akisalimia, yeye alisikia mnunuzi. Na sasa mnunuzi alikuwa anapima mali, tena na mke wake mwenyewe!

Usiku alisali kama kawaida. Lakini katikati ya sala alijikuta anawaza bei ambayo hangekubali.

Asubuhi hiyo familia ilikuwa inakwenda kwa mama yake Fundi Saa, safari ya barabara kuu. Bibi alikuwa hajamwona mjukuu wake wa pili, mtoto wa miezi tisa. Fundi Saa alikuwa amepanga kila kitu. Mama Kifungo angekaa mbele, akimpakata mtoto. Kifungo angesimama nyuma, ameshika viti vya mbele, akitazama dunia. Ndivyo walivyozunguka mtaani siku zote. Na Fundi Saa alitaka sana mama yake aone gari hilo likiingia uani pake, paa likiwa wazi.

Mama Kifungo alitoka na kikombe cha chai. "Kunywa. Mbona umenuna?"

"Mimi? Sijanuna."

"Umefuta taa hiyo moja tangu nilipowasha jiko."

"Ina doa." Akainama tena. "Mama Kifungo, tepu yako iko wapi?"

"Iko kwenye cherehani. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Isije ikapotea. Siku hizi inapima vitu vingi."

Mama Kifungo alimtazama. Kabla hajajibu, geti liligongwa.

"Hodi wenyewe!" Sauti ilifika hata kwa majirani wa nyuma.

"Karibu," alisema Mama Kifungo.

"Mnunuzi huyo," Fundi Saa alinong'ona.

King'ora aliingia, bado yuko kwenye sare ya kazi. "Shemeji, habari za asubuhi? Limeng'aa hilo!"

"Limeng'aa, lakini haliuzwi."

"Nani amesema linauzwa?"

"Na nyinyi jana mlikuwa mnalipimia nini? Suruali?"

Wanawake wawili walitazamana. Mama Kifungo alishusha pumzi. "Kumbe ulituona."

"Niliwaona. Nikasikia na 'usimwambie'. Katika nyumba yangu!"

"Tulikuwa tunapima viti vya watoto, Baba Kifungo," alisema mkewe. "Kuna kiti nilichopata dukani, nikalipa kwa kushona mapazia ya mwenye duka. Hicho ni cha mdogo. Dada yangu amenipa kingine kwa ajili ya Kifungo. Mtoto wake amekua, na kiti hakijawahi kupata ajali. Nilitaka kujua kama vitaenea."

"Viti vya nini? Si nina viti vinne?"

"Vinne, lakini hakuna cha mtoto," alisema King'ora. "Shemeji, hivi mdogo anasafirije leo?"

"Anapakatwa na mama yake. Kuna mahali salama kuliko mikononi mwa mama?"

"Kitandani, hakuna. Garini, kuna: kiti chake."

Fundi Saa alicheka kicheko kikavu. Sasa alimwelewa. Kwanza gari litakuwa halifai kwa watoto. Kisha litakuwa halifai kabisa. Kisha King'ora atajitolea kulichukua. "Sisi tunasali kabla ya kuwasha gari," alisema. "Mungu anatulinda."

"Na mimi nasali," King'ora alisema polepole. "Nasali kila asubuhi, kisha nafunga mkanda. Simwombi Mungu anishikie kitu ambacho mikono niliyopewa inaweza kukifunga."

"Mikono yangu mimi inashika sawasawa."

Mama Kifungo aliingia ndani. Alirudi amekumbatia mfuko mkubwa wa unga, wa karatasi, ambao haujafunguliwa. "Uzito wake ni kama wa mdogo," alisema. "Kaa mbele, funga mkanda, umpakate huyu. Mimi nitaendesha. Tukirudi ukiwa naye, sitasema tena habari ya viti."

"Na huyu?" Fundi Saa alimwonyesha King'ora kwa kidevu.

"Huyu atakaa na watoto. Hatagusa usukani wako."

Nyuma ya mtaa kulikuwa na uwanja wa kuegesha magari, nao asubuhi hiyo ulikuwa mtupu. King'ora alisimama pembeni, mdogo begani, Kifungo mkononi. Fundi Saa alikaa mbele. Aliukumbatia mfuko kwa mikono miwili.

"Usinidondoshe, baba!" King'ora alipaza sauti nyembamba ya kitoto. Kifungo akacheka.

Mama Kifungo aliendesha taratibu, kama mtu anayekwenda sokoni. Akauliza, "Mama yako alisema anatutarajia saa ngapi?"

Fundi Saa akageuka amjibu. Hapo hapo mkewe akakanyaga breki.

Mkanda ulimvuta Fundi Saa kifuani. Mfuko haukuwa na mkanda. Ulimponyoka kama sabuni, ukapiga dashibodi, ukapasuka. Unga ukaruka juu, na kwa kuwa paa lilikuwa wazi, upepo ukausambaza kote. Uliingia puani. Uliingia kwenye viti alivyovifuta.

"Baba amezeeka!" Kifungo alipiga kelele. "Ana mvi!"

Fundi Saa alitaka kufoka. Alimgeukia mkewe. Mama Kifungo alikuwa anautazama mfuko uliopasuka miguuni mwa mumewe, na machozi yanamtoka.

"Kila siku nampakata hapo ulipokaa," alisema. "Kila siku najua ataniponyoka, na naona aibu kukuambia."

Fundi Saa alitazama mikono yake. Ilikuwa bado imekunjwa, kama imebeba mtu. Hasira ilimwishia.

King'ora alifika na watoto. Hakucheka. "Hiyo ni breki tu, tena ya mwendo mdogo," alisema. "Gari likigonga kitu, nguvu yake ni mara nyingi zaidi. Hakuna mama wala baba anayeweza kushika. Na mbele hapo kuna mfuko wa hewa, umefichwa ndani ya dashibodi. Ukifumuka humwokoa mtu mzima aliyefunga mkanda. Mtoto aliyepakatwa unaweza kumuua."

"Mimi nasimama," alisema Kifungo. "Mimi mkubwa."

"Wewe mkubwa, ndiyo. Lakini gari likivua kofia na wewe umesimama, ni nini kitakuzuia usiruke? Hewa?"

Kifungo alifikiri. "Hewa haina mikono."

"Haina kabisa."

Fundi Saa alijipangusa uso. Shaka ilikuwa bado haijaisha. "Kwa hiyo niuze," alisema. "Ndiko unakonipeleka."

"Sijasema uuze. Sikiliza tulichopima. Kifungo anaenea nyuma, kwenye kiti chake. Mkanda upite begani na kwenye nyonga, usipite shingoni wala tumboni. Awe na mkanda wake peke yake. Na ukiwa na mtoto kwenye barabara kuu, rudisha paa. Jua na upepo vinamchosha, na mawe yanayorushwa na malori hayachagui. Lakini turubai halimkingi mtu gari likipinduka. Kwa hiyo mkanda haufunguliwi hata kidogo."

"Na mdogo?"

"Mdogo shingo yake bado laini. Kiti chake lazima kitazame nyuma, ili breki ikikanyagwa kimshike mgongo na kichwa. Nyuma ya gari lako hakienei, tumejaribu. Mbele ndipo penye mfuko wa hewa, na gari hili halina swichi ya kuuzima. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kamwe. Kwa sasa mdogo hana mahali humu."

 Akilini Fundi Saa alimwona mama yake amesimama mlangoni, akisubiri. Aliliona gari lake jekundu likiingia uani. Kisha picha hiyo ikafutika. "Basi hatuendi," alisema.

"Mnakwenda. Chukueni gari langu."

King'ora alikuwa na gari kuukuu la rangi ya matope. Lilikuwa refu, baya, na wala halikuvua chochote. Lakini mikanda yake yote ilifanya kazi, na kiti cha nyuma kilikuwa kipana.

Fundi Saa alifinya macho. "Na langu libaki wapi?"

"Kwangu."

"Ahaa!"

"Ahaa nini? Sikufichi, shemeji. Nalitaka gari lako mpaka naliota. Nitalipangusa unga huo, nitavaa miwani, nitakwenda nalo dukani na kurudi. Lakini kazini nimewabeba watoto wa watu kwenye machela. Sitaki kulinunua gari ambalo limemtupa mtoto niliyemwona akizaliwa. Hata ungenipa bure."

Fundi Saa alimtazama kwa muda mrefu, kwa jicho moja, kama anavyotazama saa. Mwishowe akamwekea ufunguo kiganjani. Hakuuachia mara moja.

"Dukani na kurudi," alisema.

"Dukani na kurudi."

King'ora aliwasaidia kufunga viti nyuma ya gari lake. Alivitikisa kwa nguvu kuhakikisha havichezi. Alimwonyesha Fundi Saa namna ya kukaza mikanda ya mdogo, mpaka isiweze kufinywa ikajikunja begani. Fundi Saa alijaribu mwenyewe, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Kisha wakasali, wakaondoka.

Njiani hakutulia. "Sasa hivi anapiga honi mtaa mzima," alisema.

"Aache apige," alijibu mkewe.

"Atazoea."

"Baba Kifungo, mtu anaweza kulipenda gari lako na kuwapenda watoto wako vile vile."

Kabla hajajibu, mbwa alikatiza barabara. Fundi Saa akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Matairi yakalia. Mbwa akapita, akatokomea majanini.

"Baba! Mkanda umenikumbatia!" alisema Kifungo.

Fundi Saa aliegesha pembeni.  Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akainama juu ya kiti kinachotazama nyuma. Mdogo alikuwa amelala fofofo. Mate yalimtiririka kidevuni. Hakuwa hata ameamka.

Fundi Saa alisimama hapo akishukuru kimoyomoyo. Kisha akarudi kwenye usukani, na habari ya honi hakuisema tena.

Bibi aliwapokea kwa vigelegele. Alilitazama gari la rangi ya matope. "Ndilo gari lenyewe mnalolisifia?"

"Hapana, mama. Hili ni la jirani mwema," alisema Fundi Saa. Maneno hayo yalimshangaza hata mwenyewe.

Mchana, shangazi naye alifika. Watu walijaa uani, na mdogo akapita mikono yote. Bibi akasimama, akajifunga kanga. "Lete gari. Nataka rafiki yangu wa mwisho wa barabara amwone mjukuu wangu. Nitampakata mwenyewe."

"Tumfunge kwenye kiti chake, mama."

"Kiti? Akiwa kwenye kiti kama mzigo, nami nitazame nini? Ni hapo tu! Wewe nilikupakata kwenye malori, kwani ulikufa?"

Watu walicheka. Shangazi akasema, "Mwache mama afurahi. Kwani mtoto ni wako peke yako?"

Mama Kifungo alimtazama mumewe. 

Fundi Saa alimchukua mdogo kutoka kwa shangazi. Alimshika mama yake mkono kwa heshima, akasimama katikati ya ua ili kila mtu amsikie.

"Sikufa, mama, na ninamshukuru Mungu. Lakini nisikilizeni nyote, muwe mashahidi wangu. Wewe mama, wewe shangazi, na wewe mke wangu. Kuanzia leo, mtoto wangu hasafiri mapajani mwa mtu. Si katika gari langu, si katika la mwingine. Si mbali, si hapo tu. Kila mtoto na kiti chake, kila mtu na mkanda wake. Na mahali ambapo mtoto hana kiti, gari litabaki, na sisi tutakwenda kwa miguu. Mimi nitambeba."