Sauti Iliyobaki Chumbani

Jua lilikuwa linazama Mama Kidoti alipofika kwenye jengo la chuo wanakochunguza ubongo. Mtoto alikuwa mgongoni, na wifi yake nyuma na mfuko wa nepi.

"Wifi, wakichungulia kichwani mwako wakakuta vyombo havijaoshwa, usinitaje," alisema wifi.

Mama Kidoti akacheka. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Watafiti walitaka kujua ubongo wa mama unavyotambua kilio cha mwanawe kati ya vilio vya watoto wengine. Kilio cha Kidoti walikwisha kukirekodi siku ya chanjo. Leo angesikilizishwa vilio, na akisikia cha mwanawe abonyeze kitufe. Basi.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyenung'unika asubuhi. "Sauti usiyemwona mwenyewe, usiiitikie. Ukiitika, umeipokea."

Mtafiti alikuwa dada mpole. Alimvika kofia yenye nyaya, na yale mafuta mazito ya kupaka kichwani aliyapasha kwanza viganjani mwake, yasimshtue kwa baridi. Jambo hilo dogo Mama Kidoti hakulisahau, hata baada ya yote.

"Mtoto atabaki nje na wifi yako, mimi niko nyuma ya kioo," alisema. "Ukimsikia, bonyeza. Ni kama kumwambia, nipo mwanangu."

Taa ikazimwa.

Kikaja kilio. Si chake. Kingine... si chake. Kisha kikaja cha mwanawe. Akabonyeza.

Vilio vikaisha. Kimya.

Ndipo akasikia harufu ya udongo mbichi. Na nyuma ya shingo yake, karibu mno, mtoto akaanza kulia kwa kwikwi.

Alikuwa Kidoti. Kwikwi ile ile ya kuchoka kubembelezwa. Maziwa yakamtoka, yakalowesha blauzi. Maneno ya mama mkwe yakamjia, lakini kidole kilikwisha kutangulia.

Akabonyeza.

Kwikwi ikakatika.

Mtafiti akaingia na kuwasha taa. "Mbona umebonyeza, dada? Spika nilishaizima."

"Kidoti analia."

"Huko nje kimya kabisa." Mtafiti akageuka kutazama kompyuta kupitia kioo. Mistari ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza. Akanong'ona, "Ubongo wako haukubahatisha. Kuna uliyemtambua. Sijui ni nani."

Mama Kidoti akatoka mbio, nyaya zikimning'inia. Wifi alikuwa kwenye benchi la ukumbini.

"Pole pole, ndiyo kwanza anaamka!"

Kidoti akamwona mama yake. Akakunja uso, akafungua mdomo. Machozi yakatiririka.

Sauti haikutoka.

Na nyuma yao, ndani ya chumba kisicho na mtu, Kidoti akalia.

Hospitalini walisema koo ni zima. Yule mtafiti huja kila wiki na matunda, akambeba mtoto, akaondoka huku anafuta macho. Hakuna anayemlaumu. Lakini kila giza likiingia, kilio huja mlangoni. Mama mkwe hukaa ameegemeza mgongo kwenye mlango, mkono wa mkwewe kiganjani.

"Usiitike, mwanangu."

"Na kama ni sauti ya mtoto inataka kurudi, mama?"

"Na kama haikuja peke yake?"

Mama Kidoti humkumbatia binti yake, akauma khanga asije akaropoka.

Jana hakikuja kilio.

"Mama," sauti ilisema nje ya mlango, wazi, kama ya mtoto wa kwenda shule. "Si ulisema upo?"

Mapajani mwake Kidoti, ambaye hajaota hata jino, alikuwa ametulia akimtazama. Midomo yake ilikuwa imeyafuata maneno yale, moja baada ya jingine.