Bakuli la Tatu

Bakuli la tatu halikuwa na ladha. Baba Pei alilivuta kwake mkewe alipomaliza kulinong'oneza, kwa sababu chakula cha marehemu hakimwagwi, akavuta tambi za kwanza na kusita. Kamba walikuwemo, nyama ya kusaga ilikuwemo, mchuzi ulikuwa unafuka mvuke, lakini mdomoni ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyoloweshwa. Kitu kimoja tu kilikuwa na ladha yake, nacho ni majani ya giligilani yaliyonyunyizwa juu.

"Mama Pei," alisema kwa sauti ya chini, "hebu onja."

Mama Pei akaonja. Akaweka vijiti mezani akaanza kulia pale pale, katikati ya wateja wa kibanda kile cha barabarani, pikipiki zikipita karibu zimguse kiwiko. Kwetu marehemu akila huondoka na ladha, na binti yao Pei-shan hakuwahi kula giligilani maisha yake yote. Alikuwa akiyachambua jani moja moja na kumtilia baba yake bakulini, na baba yake akijifanya kununa. Homa ilimchukua mvua zilipoanza, akiwa na miaka minane, na hapa mjini Tainan ndipo walipokuwa wamemwahidi kumleta likizo.

Basi walimleta. Kwetu sisi, mtu akifia mbali na nyumbani, tunairudisha roho yake kwa kuiita njia nzima. Kila kona unaiambia, kila handaki unaiambia, na mto ndio kabisa, maana roho haivuki maji mpaka iitwe. Safari hii Mama Pei aliitumia desturi hiyo kumtoa mtoto nyumbani: alichota majivu kidogo ya udi kwenye chetezo kilichokuwa mbele ya picha yake, akayafunga kwa kitambaa chekundu pamoja na kofia ya mtoto, akatia mkobani. Treni ilipoondoka Taitung, mjini kwao, alikuwa keshaanza. "Pei, tunaingia handakini, usiogope. Pei, tunavuka daraja, shika mkono wa mama." Abiria wa kiti cha mbele alihama bila kuaga.

Mama mkwe wake alikuwa amemkanya. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani na kichanga chao, Kai. "Mwezi huu wa saba, mlango wa kuzimu uko wazi, ndugu wema wamejaa njiani na njaa zao, nawe unakwenda kuitaita barabarani? Una akili kweli?" Ndugu wema ndivyo tunavyowaita kwa adabu wale wafu wasio na mtu wa kuwakumbuka, wengine mngesema mizuka. Mama Pei alijibu kwamba anamwita mwanawe kwa jina, hamwiti mtu mwingine. Hapo ndipo alipokosea, na mimi simlaumu, labda amlaumu asiyezaa.

Siku ile ya kwanza walifurahi. Najua si vizuri kusema hivyo juu ya watu wenye msiba, lakini walifurahi. Walipanda ukuta wa ngome ya zamani, wakapanda mashua ya mfereji, Mama Pei akiinamisha kichwa kila walipopita chini ya daraja na kusema, "Inama, Pei." Walinunua viatu vyekundu vya mkanda, saizi ya miguu ya mtoto. Kwenye kibanda cha barafu ya maembe Baba Pei alikikaripia kiti kitupu. "Kula polepole, mlafi wewe, hakuna anayekufukuza." Mkewe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Asubuhi ya pili walikula uji wa samaki. Baba Pei akavuta bakuli la tatu, akaonja. Uji haukuwa na ladha, samaki hakuwa na ladha. Akaokota jani la giligilani akalitafuna, kisha la pili, kisha yote. Hayakuwa na ladha hata kidogo.

"Amekula?" mkewe aliuliza, macho yakimng'aa.

"Amekula," alijibu, akaificha habari ya giligilani.

Mchana mvua ikawarudisha hotelini. Mama Pei alivipanga vile viatu vyekundu mlangoni, akalala. Baba Pei hakupata usingizi. Kwanza alisikia harufu, ya tope la mtoni lililokaa na kitu kilichooza, akadhani ni bomba. Kisha akasikia mtu anafyonza. Sauti ilitoka mezani walipoacha mapera na maandazi ya mtoto, ikawa ya wawili, ikawa ya wengi, wanafyonza na kusukumana na kuguna kama watu wazima waliokosa chakula siku nyingi, na godoro likaanza kubonyea upande wa miguuni, mara moja, tena, tena, kana kwamba wanakuja kukaa mmoja mmoja kwa heshima kumsubiri mwenyeji, na hewa ikawa baridi mpaka meno yake yakagongana, na katikati ya vurugu hiyo yote, mbali kabisa, karibu na mlango, alisikia mtoto anasema kwa sauti ya kulialia, "Na mimi bado. Na mimi bado."

Aliwasha taa. Hapakuwa na mtu. Vile viatu vyekundu vilikuwa vimepasuka kuanzia kidoleni hadi kisigino, na ndani mlikuwa na tope, kama mtu mzima amejilazimisha kuvivaa.

"Usiite tena," alimnong'oneza mkewe. "Nakuomba. Usimwite tena."

Waliingia hekalu la kwanza waliloliona. Mwangalizi wake, Dada Hsiu, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele za rangi ya kutu, anakula pera lenye chumvi. Aliwatazama, kisha akatazama nyuma yao kwa muda mrefu.

"Mmekuja na msafara," alisema. "Mlikuwa mnamwita nani?"

"Mwanangu," Mama Pei akasema. "Kwa jina lake."

"Mwezi huu? Hawa wote walikuwa na mama, dada yangu, na mama zao hawawaiti tena. Ukisema mwanangu, nani atakaa kimya?"

"Yeye yumo?"

"Yumo. Nyuma kabisa. Wakubwa wanamtangulia kwenye sahani."

Mama Pei akageuka kutazama nyuma yake. Baba Pei ndiye aliyeuliza kama hawawezi kumchukua mtoto peke yake.

"Mkimwita yeye mmewaita wote. Nyumbani kuna nani?"

"Mama yangu. Na kichanga."

Dada Hsiu akaliweka pera lake chini. Aliwaambia waache hapo hekaluni yale majivu na kofia, waende moja kwa moja kwenye treni, na watakapovuka mto Erren, ulio njiani kurudi kwao, wasitamke neno. Asiyeitwa atabaki ng'ambo hii. "Hapa tunawaandalia meza," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya upole. "Nitamtengea sahani yake pembeni. Nitawapiga mikono hao wakubwa."

"Hapendi giligilani," Mama Pei akasema.

"Sitamwekea."

Ndani ya treni walikaa wameshikana mikono. Harufu ya tope ilipanda nao. Nyumba zikapungua, yakaja mabwawa ya samaki, na mwendo ulipobadilika sauti walijua kwamba chini yao ni maji. Sauti ya mtoto ikaja kutoka nyuma ya kiti, karibu kabisa na sikio.

"Mama, huu ni mto. Tunavuka?"

Mama Pei akauma mtandio wake.

"Mama, hujaniambia. Nishike mkono?" Sauti ikahamia upande wa pili wa kiti. "Baba?"

Baba Pei akafungua mdomo. Yeye aliyemkataza mwenzake, yeye mwanamume mzima, alifungua mdomo na jina lilikuwa tayari kwenye ulimi, na mkewe akamziba kwa kiganja, akamkandamiza kwa nguvu zake zote, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, mpaka magurudumu yakarudi kwenye ardhi kavu. Harufu ikaisha, na behewani ikabaki harufu ya chakula cha abiria.

Nyumbani Kai alikuwa anacheka peke yake, mzima wa afya. Bibi alikuwa amepika tambi, na kwa mazoea ametenga bakuli la mjukuu wake mbele ya picha, na giligilani juu. Mikono ya uzee husahau. Udi ulipoisha kuwaka Baba Pei akalivuta kwake. Mkewe akaacha kula akamtazama usoni.

Chumvi ilikuwepo. Utamu wa kamba ulikuwepo, na nyama, na kitunguu cha kukaanga, kila kitu mahali pake, hakuna kilichoguswa.

"Vipi?" Mama Pei akanong'ona.

"Tamu," alisema. Akainamisha kichwa juu ya bakuli akaendelea kula, kwa sababu chakula cha marehemu hakimwagwi. "Tamu sana."