Aimé Iko Kwangu

Tulienda kutafuta kuni tu. Kuni! Mutu akikuambia kama miye, Scholastique, nilikuwa nachokoza mizimu, umutume kwangu, hapa mutaa ya Bigo, nitamujibu vizuri mbele ya jirani bote.

Miye niko chef ya ba scout ya paroisse, parokia yetu, hapa Bunia. Batoto bananiitaka chef Scola. Mushahara hakuna, matusi iko mingi. Unafundisha batoto kutembea kwa mustari, jirani anasema unatayarisha ba militaire. Unabapa fimbo ya kusimamisha hema, polisi anataka kujua fimbo ni ya kupiga nani. Unaomba muzazi anunue foulard, ile kitambaa ya shingo, anakuuliza kama foulard inakulikaka. Na kila Samedi, Jumamosi, unapita nyumba kwa nyumba kubembeleza ba mama, sawa vile unaposa bibi-arusi.

Mwenye alinichokesha kupita bote ni mama Adeline, mama ya Plamedi.

Plamedi alikuwa kadogo kupita bote, macho kubwa, kucheka ovyo. Alililia uniforme mwaka muzima na mama yake anakataa. Siku moja nikaenda kumukalia pale kwa mbabula, anageuza ndizi kwa makaa.

"Scholastique," akaniambia, "scout ilishakula mudogo yangu. Unataka ikule na binti?"

Habari ya mudogo yake tuliijua bote. Aimé alikuwa scout mu hii troupe, hii kikosi yetu, wakati ya vita, na chef alikuwa Louis. Balipiga kambi mu musitu ya kaliptusi, kule nyuma ya mutaa. Masasi ya bunduki ikalia jioni, batoto bakatawanyika. Chef Louis akapiga filimbi, akabakusanya moja moja, akabatuma nyumbani, yeye akabakia anaita Aimé. Asubui bakamukuta kati ya miti, alishakufa, filimbi ingali kwa meno. Aimé hakuonekana mpaka leo.

"Ile asubui alitoka hapa anaruka-ruka," mama Adeline akasema. "Akaniambia, miye dada yake mukubwa: yaya Ade, uniachie ndizi. Yaya Ade… Tangu pale hakuna mutu mwengine aliniita vile. Hata bwana yangu nilimukataza."

Kiisha akanishika mukono.

"Nitakupa Plamedi. Lakini arudi mbele ya giza kufika. Na kwa ile musitu, jua ikisha kuingia, usipige filimbi. Unanisikia? Usipige."

Nikamunyooshea mukono ya kushoto, ju siye ba scout tunasalimianaka na kushoto. "Parole ya scout," nikasema.

Kwetu, ile kiapo ikitoka, imetoka. Scout hasemi uongo, na mwenye kupewa parole hauliziake mara ya pili. Kiisha kuko sheria moja niliiweka miye mwenyewe, na nilijisifia nayo sana: filimbi ikilia mara tatu, ndefu, unaacha kila kitu, unakimbia kwenye inatokea. Hauulize ni nani anapiga.

Basi, ile Samedi ya kuni tulikuwa na moto ya jioni mu kiwanja ya paroisse, na kuni haikutosha. Kaliptusi iko karibu. Nikabaambia batoto: twende, tuokote matawi, turudi mbiyo. Bakajigawa kwa vikundi, bakaingia bakiimba. Mvua ikatushika mule. Tukajibana chini ya miti, mvua ikapita, na kuinua macho… jua ilishaenda.

Ukungu ilikuwa inatoka kwa majani. Harufu ya kaliptusi ilijaa mpaka kwa koo. Kiisha, chini ya ile harufu, nikasikia ingine. Nguo ya kuloana, yenye kukaa muda mingi bila jua.

"Plamedi!"

Hakuna.

"Batoto! Tunarudi!"

Dakika moja mbele ya pale balikuwa banacheka karibu. Sasa hata tawi haikuvunjika.

Nikashika filimbi. Nikakumbuka mama Adeline. Aka, Scholastique, nikajiambia, na hii masomo yako yote, utaogopa maneno ya kwa mbabula? Batoto ya batu iko mu giza! Nilikasirika, nisifiche. Nilikasirikia mvua, ba mama, na woga yangu mwenyewe.

Nikapiga. Mara tatu, ndefu.

Kiisha, kule mbele, kati ya miti…

Fiiiii. Fiiiii. Fiiiii.

Usiniambie ni mwangwi. Mwangwi haikosake pumzi. Ile ya tatu ilikatika mwisho, vile mutu mwenye amekimbia sana.

Nikasikia miguu. Batoto balitoka kila upande, banakimbia, na moyo yangu ikatulia kidogo. Nikafungua mikono.

Bakanipita.

Bote! Hakuna hata moja aliniangalia. Plamedi alinipita pale mbavuni, nikamukamata kwa foulard.

"Chef anaita," akasema polepole.

"Chef ni miye!"

Akanitazama sawa hanijue. Akajivuta, foulard ikabakia mu mukono yangu, na yeye akapotea mu ukungu.

Nikakimbia nyuma yabo. Matawi ilinipiga kwa uso, kiatu moja ikabakia mu matope, sikurudi. Nikatokea kwenye miti iliachana… na nikabaona.

Balikuwa mu mustari. Sawasawa, visigino pamoja. Miye nilibapigia kelele kila Samedi na sikupata ule mustari hata siku moja.

Mbele yabo, mutu.

Kaptula ya kaki. Foulard ya kufifia. Uso sikuona, na namushukuru Mungu. Filimbi ilikuwa kwa meno. Alikuwa anapita anagusa batoto kwa kichwa, moja moja, anafika mwisho, anatikisa kichwa, anarudia mwanzo. Ile harufu ya nguo ilikuwa ya kwake.

Akafika kwa Plamedi. Mukono ikabakia pale.

Plamedi iko na macho ya ukoo ya mama yake. Ile macho kubwa.

"Aimé?" ile mutu akanong'ona.

Mutoto akafungua kinywa. Siye, mutu akiita jina mu mustari, tunajibuka "présent", ni kusema niko. Sijui nani aliniambia, lakini nilijua: hii mutoto akijibu, sitamurudisha kwa mama yake.

"Plamedi, nyamaza!"

Ile kichwa ikanigeukia.

Ningekimbia. Weye ungekimbia. Lakini nilikuwa nimemupa mama Adeline parole, na miguu yangu ikafanya yenye ilizoea. Nikapiga visigino pamoja, na kiatu moja.

"Chef," nikasema. "Naleta ripoti. Troupe imetimia."

"Aimé haiko."

"Aimé iko, chef."

"Wapi?"

Maji ilikuwa inadondoka kwa majani. Ningemuambia kweli: hatujue, chef, hakuna mutu anajua, pumzika tu. Lakini mukono yake ingali juu ya kichwa ya Plamedi, na vidole zilianza kufunga.

"Iko kwangu," nikasema. "Kwa nyumba yangu, Bigo. Alishakula. Amelala."

"Parole?"

Akaninyooshea mukono. Ya kushoto.

Nikaishika. Yesu wangu… Ilikuwa baridi, na udongo kwa makucha.

"Parole ya scout."

Na akaniamini. Hakuuliza mara ya pili! Akatoa filimbi kwa meno, akashusha mabega, akasema na sauti ya kuchoka: "Mutawanyike."

Batoto bakaanza kulia bote mara moja. Nikageuka kuhesabu vichwa, na nilipoangalia tena, pale mbele kulikuwa miti tu. Tukashuka mbiyo, tumeshikana nguo, hakuna mwenye kuuliza kuni.

Mama Adeline alikuwa kwa barabara na torshi. Akamuvuta mutoto, akamupapasa mwili muzima, mikono, magoti, kichwa.

"Mama," Plamedi akasema, "chef mwengine aliniita Aimé."

Ile torshi ikaanguka. Mama Adeline akanivuta kando, akanishika mabega, sauti chini kabisa.

"Ulimuambia nini?"

Nikamuambia. Nilingoja matusi, nilikuwa tayari kujibu. Hakunitukana.

"Ulimupa parole?"

"Ningefanya nini, mama? Mutoto yako alikuwa…"

"Nakushukuru. Mungu anaona, nakushukuru." Akapangusa macho. "Lakini Scholastique… akikuja kumuangalia, utamuonyesha nani?"

Akarudi kwake na mutoto, akafunga mulango.

Miye niko na mutoto moja tu, Divine. Nilimuzaa kwa shida, na baba yake alishatuacha. Na Divine hapendake scout! Mara zote alinichekelea, foulard yangu anaiita kitambaa ya kupangusa sufuria. Hakuwahi kukanyaga hata rassemblement moja, mukutano yetu.

Samedi yenye ilifuata sikutoka. Niliambia bazazi niko na malaria. Nikapika bugali mapema, nikafunga madirisha, tukaanza kula na jua ingali inaingia. Divine alikuwa ananicheka: "Mama, leo unaogopa kuku?" Kiisha, kwa fence ya nyumba yetu…

Fiiiii. Fiiiii. Fiiiii.

Ya tatu ikakosa pumzi.

"Kula," nikamuambia Divine. "Usisikilize. Kula, mutoto yangu."

Harufu ya nguo ya kuloana ikapita chini ya mulango. Nikaruka kushika komeo. Sauti ilikuwa pole, bila hasira. Alikuwa anakuja tu kuangalia, vile chef yoyote angefanya.

"Aimé?"

Nyuma yangu, kiti ikasogea.

Divine alikuwa amesimama wima, visigino pamoja, mikono kwa mapaja. Nikaacha komeo, nikamurukia, nikamufunga kinywa na viganja vyote viwili.

Neno ilishatoka.

"Présent, chef."

Inje mutu akashusha pumzi, ndefu. Kiisha viatu ikaenda, polepole, na tangu ile jioni filimbi hairudie. Batu ya karibu na kaliptusi banasema hata kule kumetulia.

Divine alikaa, akamaliza bugali yake. Anakulaka vizuri. Anaenda masomo. Lakini nikimuita Divine, hageuke, mpaka nimuguse. Mwalimu anasema ni masikio, nimupeleke hospitali. Nilimupeleka. Masikio iko muzima.

Jina ile ingine sijaijaribu. Naogopa atageuka.

Jana mama Adeline alipita kunisalimia, akaleta ndizi ya kuchoma. Mutoto alikuwa kwa mulango. Habakuonana mbele ya ile siku, babo wawili, hata mara moja. Akamuangalia yule mama kutoka chini mpaka juu, akacheka, akamunyooshea mukono ya kushoto.

"Yaya Ade," akasema. "Uliniachia ndizi?"

Mama Adeline akaanguka pale chini na sahani yake. Analia, anamukumbatia, anamukumbatia sana, na hakutaka kumuachilia. Ilibidi nimunyang'anye.

Sasa batu banasema miye mwongo, chef wa kupana parole ya bure. Bakuje hapa Bigo baone. Sikudanganya. Aimé iko kwangu, anakula, analala.

Lakini Divine yangu… iko kwa nani?