Nyota Ambazo Rosa Hakuzisoma

Ukungu wa kijiji cha Lukwembe hauna haraka. Huamka pamoja na watu, na wakati mwingine hukaa nao mpaka saa tatu asubuhi. Mtu akisimama kwenye lango la Shule ya Msingi Mtakatifu Monika halioni kanisa, ingawa liko hatua hamsini tu mbele yake. Wanafunzi wengi waliuona ukungu huo kuwa kero. Rosa Fransisko wa darasa la sita aliupenda, maana kwa muda huo mfupi wote walikuwa hawaoni, kama yeye.

Kila asubuhi alishuka njia ya mlimani na ukuni mmoja begani kwa ajili ya jiko la shule. Njia ile aliijua kwa miguu. Alijua penye utelezi, penye mzizi, na pale ambapo mfereji wa kumwagilia kabichi za baba yake huvuka. Akifika darasani alikaa dawati la tatu karibu na Maimuna, rafiki yake, na kazi ya siku ilianza.

Mwalimu Deogratias akiandika ubaoni, Maimuna alisoma kwa kunong'ona. Rosa alisikiliza mara moja, akaandika. Kwake yeye ubao ulikuwa kitu cheusi chenye vumbi jeupe. Hata kitabu hakikumpa nafuu, kwa sababu herufi ziliungana na kuchezacheza mpaka kichwa kikauma. Lakini alikuwa na masikio makali na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa wa pili darasani, na Mwalimu Deogratias alipenda kumsifu kwamba ana kichwa. Hakujua jinsi kichwa hicho kilivyokuwa kikiuma kila jioni.

Kwa nini hakusema? Alikuwa na sababu, nayo ilikuwa ikiishi naye nyumba moja. Dada yake, Happiness, alianza kusumbuliwa na masikio akiwa darasa la nne. Baba yao alisema, "Mtoto asiyesikia anakwenda shule kufanya nini?" Tangu siku hiyo Happiness alikuwa mtoni kila asubuhi akiosha karoti za kupakiwa kwenye lori la Dar es Salaam. Rosa alimpenda sana dada yake, lakini hakutaka maisha yake. Alitaka kusoma, na aliamini kwamba siku watu watakapojua habari ya macho yake, hiyo itakuwa siku yake ya mwisho shuleni.

Sasa, Mtakatifu Monika kuna desturi moja. Kila Januari, Sista Skolastika, mwalimu mkuu, huwapangia wanafunzi Wakatoliki wa darasa la sita Jumapili zao. Kila mmoja, mara moja katika mwaka, husoma somo kwenye Misa ya watoto. Wenzao Waislamu, kama Maimuna, hupangiwa siku zao za kusoma habari mstarini. Si jambo la mchezo. Wazazi huacha mashamba, huvaa nguo za sikukuu, na mtoto akisoma vizuri hutajwa kijijini wiki nzima.

Jumapili ya Rosa ilikuwa ya pili katika Kwaresima. Ijumaa Sista alimpa kitabu cha masomo ya Misa ajizoeze. Rosa na Maimuna wakaenda kukaa nyuma ya jiko la shule. Maimuna alifunua kurasa taratibu, maana hakikuwa kitabu alichokizoea, mpaka akapata Jumapili ya Pili ya Kwaresima.

"Hili hapa, somo la kwanza. Mbona fupi hivi?" aliuliza Maimuna.

"Nisomee tu. Likiwa fupi ni bahati yangu."

Ilikuwa habari ya Abramu kuambiwa aiache nchi yake na kwenda asikokujua. Maimuna alisoma mara tatu, na mara ya nne Rosa aliisema yote bila kukosea neno, akiweka vituo mahali pake. Walifurahi, wakarudisha kitabu.

Hawakujua walichokuwa wamekifanya. Kanisa Katoliki husoma masomo ya Jumapili kwa mzunguko wa miaka mitatu, Mwaka A, Mwaka B na Mwaka C. Kitabuni hupangwa kwa kufuatana, kila Jumapili na masomo ya miaka yote mitatu. Mwaka ule ulikuwa C, na Maimuna alikuwa amesoma la kwanza aliloliona, yaani la Mwaka A. Yeye angejuaje? Rosa ndiye aliyefundishwa mambo hayo tangu mafundisho ya Komunyo. Ila mtu asiyeona kichwa cha ukurasa hakumbuki kuuliza kimeandikwa nini.

Jumapili kanisa lilijaa. Rosa alitoka kwenye benchi, akainama mbele ya altare, akapanda mimbarini. Kitabu kilikuwa tayari wazi. Mzee Severini, katekista, ndiye aliyekifungua na kukiwekea utepe, kazi aliyoifanya miaka thelathini na moja. Rosa aliweka kidole kwenye karatasi, akawa anakisogeza kama anayefuata mistari. Sauti yake ilitoka safi, bila kutetemeka. Baba yake, Fransisko, alikaa wima kama mwenyekiti wa kijiji.

"Neno la Bwana," alimalizia Rosa, akakifunga kitabu mwenyewe.

"Tumshukuru Mungu," waliitikia watu, lakini wengine walikuwa wakipekua vitabu vyao na kutazamana.

Padre Tomasi alipofika kwenye mahubiri alianza kwa furaha. "Kama tulivyosikia katika somo la kwanza, Mungu alimtoa Abramu nje, akamwambia atazame juu na kuzihesabu nyota..." Alisita. "Nyota ambazo leo, naona, hatukuzisikia."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini Rosa aliona uso wake ukiwaka moto.

Baada ya Misa, Sista Skolastika alimwita sakristia, chumba cha nyuma ya altare. Padre alikuwa akivua mavazi, na Mzee Severini akiyakunja.

"Rosa, tumekusikia vizuri sana," alisema Sista. "Lakini umesoma somo la Mwaka A. Ilikuwaje? Ulichagua lililo fupi?"

Hapo Rosa alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Akilini alimwona dada yake akiwa amepiga magoti mtoni, na ulimi ukatangulia.

"Hapana, Sista. Nilikuta kitabu kimefunguliwa hapo."

Wote walimgeukia Mzee Severini. Mzee alishika joho mikononi bila kulikunja. "Nilivyojua mimi, niliuweka utepe kwenye C," alisema polepole. "Lakini macho haya, Sista. Labda nimekosea."

"Haidhuru, mzee wangu," alisema Padre. Jambo likaishia hapo, au ndivyo Rosa alivyojidanganya.

Ijumaa iliyofuata, baada ya ibada ya Njia ya Msalaba, wanafunzi walikuwa bado wamesimama uani mwa kanisa. Mzee Severini alimfuata Sista Skolastika, akatoa mfukoni funguo za sakristia.

"Chukua, Sista," alisema. "Wiki iliyopita nimemwaibisha mtoto wa watu mbele ya kanisa zima. Macho yangu yamekwisha. Mtafuteni kijana."

Sista alijaribu kukataa, lakini mzee alimwekea funguo kiganjani. Sista alimshika mkono akamkaribisha ofisini wanywe chai, wazungumze. Mzee alikubali, akatembea nyuma yake mabega yakiwa yameanguka.

Rosa na Maimuna walianza kupanda mlima. Walikwenda mpaka kwenye mfereji, na hapo Maimuna akasimama.

"Wewe ndiye usiyeona," alisema, "na yeye ndiye anayeacha kazi."

"Nikisema, nitakwenda kuosha karoti."

"Na usiposema?"

Rosa aliushusha mkoba begani. Alikuwa ameficha siri yake miaka mitatu, akajihesabu kuwa mtu jasiri. Sasa alijiona mwoga, tena mwoga aliyejificha nyuma ya mzee wa watu. Aliona aibu kubwa kuliko ile ya Jumapili. Alimpa Maimuna mkoba wake.

"Nisubiri hapa," alisema, akageuka na kuteremka mbio.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Sista na Mzee Severini walikuwa na vikombe vya chai.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Rosa akihema.

"Milele, amina. Vipi, umesahau kitu?"

"Sista, shikamoo. Mzee, shikamoo." Hakungoja waitikie, akijua akinyamaza kidogo tu ataishiwa nguvu. "Mzee Severini hakukosea. Kitabu kilikuwa kwenye ukurasa wake. Mimi sikukisoma, kwa sababu sioni. Maimuna alinisomea Ijumaa ile, nikashika kwa kichwa, na tulishika lisilo lenyewe. Ubaoni pia sioni. Nimesema uongo."

Sista aliweka kikombe chini. Alinyoosha kidole kwenye kalenda iliyoning'inia ukutani. "Soma mwezi."

"Naona karatasi, Sista. Mwezi siuoni."

Mzee Severini akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Kumbe niliuweka sawa ule utepe," alisema. "Wiki nzima najipima. Nasoma maandishi madogo kwenye mfuko wa mbolea, najiuliza, mbona naona?" Halafu alimtazama Rosa na kicheko kikaisha. "Lakini umenitesa, mjukuu wangu. Nilianza kujiogopa mwenyewe."

Rosa alilia, akaomba msamaha, na mzee akamwekea mkono kichwani. Sista hakuwa mwepesi hivyo.

"Mzee amekusamehe, nami nakusamehe," alisema. "Lakini ulimchafua mbele ya watu. Jumapili utamsafisha mbele ya watu."

"Na shule, Sista?"

"Shule imefanya nini?"

"Sitafukuzwa?"

Sista Skolastika aliinuka kitini. "Kumbe hilo ndilo lililokufunga mdomo," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni. "Hakuna atakayekufukuza. Na baba yako nitazungumza naye mimi."

Jumapili, baada ya matangazo, Rosa alisimama tena mbele ya kanisa. Safari hii hakuwa na kitu cha kukariri. Alisema alivyofanya, akamwomba Mzee Severini msamaha mbele ya wote. Mzee alitoka sakristia akitikisa funguo alizorudishiwa, na watu wakapiga makofi.

Fransisko alibaki na Sista uani kwa nusu saa. Njiani kurudi nyumbani, walipoliona paa la nyumba yao, alisimama.

"Kesho lori la kabichi litaondoka bila mimi," alisema. "Tunashuka Morogoro mjini, hospitali. Happiness naye atakuja."

"Happiness?"

"Nilimtoa shule bila hata kumwonyesha daktari. Nilidhani ndivyo alivyoandikiwa. Nilikosea, mwanangu." Rosa hakuwahi kumsikia baba yake akisema neno hilo.

Mjini daktari wa macho alimpima Rosa kwa vioo vya kila aina, akasema tatizo ni la siku nyingi lakini miwani italimaliza. Daktari wa masikio alikuta sikio moja la Happiness limeharibika, na la pili lina uchafu na usaha uliokaa miaka. Alilisafisha, akatoa dawa. Walipotoka nje Happiness aligeuka ghafla kumtazama muuza maji aliyekuwa akiita wateja upande wa pili wa barabara, akaanza kulia. Baba yao alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Baada ya Pasaka, Happiness alirudi darasa la nne, mrefu kuliko wenzake wote, akakaa dawati la mbele bila kuona haya. Rosa alikuja na miwani yenye fremu ya kahawia. Wapo waliomwita profesa, naye akawaambia profesa anahitaji kalamu, wampe.

Jumatatu ya kwanza baada ya kurudi, mstarini, Sista Skolastika alimwita Rosa mbele, kwenye ngazi za ofisi, na kumtaka aeleze tangu mwanzo. Rosa alieleza, hata habari ya kunong'onezwa na kidole kilichosogea juu ya maneno asiyoyaona. Alipomaliza, Sista aliwatazama wanafunzi.

"Nani mwingine haoni vizuri ubaoni, au hasikii vizuri?"

Hakuna aliyesogea. Walimu walitazamana. Kisha, katika mstari wa darasa la tatu, msichana mmoja mdogo aliinua mkono nusu, akaushusha, akauinua tena.

"Tangu lini, mwanangu?" aliuliza Sista.

"Tangu mwaka jana."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kurudishwa nyumbani."

Mkono mwingine ukainuka darasa la tano, na mwingine la saba. Mikono ikawa saba, ikawa tisa. Mwalimu Deogratias alivua kofia, kwa sababu wanne kati yao walikuwa wa darasa lake, na mmoja alikuwa amemchapa kwa uvivu mwezi uliopita.

"Nisikilizeni," alisema Sista Skolastika, na hakupaza sauti. "Rosa ana bidii kuliko wengi wenu. Lakini kwa miaka mitatu bidii yake kubwa aliitumia kuficha. Alipobanwa akasema uongo, na uongo ule ukamwangukia mtu asiye na hatia. Shida iliyofichwa haikai mahali pamoja, watoto wangu. Itafika siku itambebesha mwingine. Ukiisema, utapata wa kukusaidia. Na sisi walimu tuna letu la kutubu, maana mtoto akiogopa kutuambia kwamba haoni, basi hata sisi hatukuwa tunaona."

Alipangusa uso kwa kiganja.

"Haya," alisema. "Wenye mikono juu, njooni hapa mbele. Rosa, wapokee."

Rosa alishuka ngazi. Yule mdogo wa darasa la tatu alikuwa bado amesimama mahali pake, mkono juu, hajui kama aende au abaki. Rosa alimwona vizuri kabisa kutoka mbali, akamfuata, akamshika mkono.